Jinsi ya kuisoma riba kabla hujasaini mkopo au kuweka hela yako popote

Maneno ya fedha ni mengi, mtaji, hatifungani, gawio, ukwasi, mfumuko wa bei, na mtu anayeanza akiyakuta yote kwa mpigo anachoka anaacha. Kazi yangu ni kuandaa ratiba za marejesho ya mikopo na kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanze na riba, basi. Ukiielewa riba vizuri hayo mengine utayaelewa kwa haraka sana kwasababu karibu yote yanazunguka hapohapo. Chukua simu ufungue kalkuleta, twende. Namba zote hapa hazina sarafu, weka ya kwako.

Hatua ya 1: geuza kila riba iwe ya mwaka

Ukiambiwa "ni asilimia 10 tu" swali la kwanza ni kwa muda gani, wiki, mwezi au mwaka? 10% kwa mwezi ni 120% kwa mwaka, na hapo ni kama unailipa kila mwezi. Usipoilipa inaingizwa kwenye deni nayo inaanza kutozwa riba, hiyo ndo riba juu ya riba, na deni la 100 baada ya miezi 12 linakuwa karibu 314. Watu wengi hawaamini mpaka wapige wenyewe, piga 100 zidisha kwa 1.1 mara 12 uone.

Fanya hivyohivyo kwa anayekuahidi faida. Mwaka 1920 kule Boston, Marekani, tapeli mmoja aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya 50% ndani ya siku 45. Mwaka una vipindi 8 vya namna hiyo, kwahiyo 100 ilitakiwa iwe zaidi ya 2,500 kwa mwaka mmoja, hakuna biashara halali inayoweza kulipa hivyo kila mtu kila wakati. Waliotangulia walikuwa wanalipwa kwa hela za waliofuata na mpango wake ukaporomoka mwaka huohuo. Hesabu ya dakika moja tu ingetosha kuwastua.

Hatua ya 2: uliza riba inapigwa juu ya kiasi gani

Hapa ndo naomba utulie maana hapa ndo watu wanapoumia zaidi, na wanaumia kihalali kabisa, karatasi wamesaini wenyewe.

Tuseme umekopa 120,000 kwa miezi 12, riba 20% kwa mwaka. Kuna njia mbili za kuipiga. Ya kwanza ni riba isiyopungua, wengi wanaiita flati: wanachukua 20% ya 120,000 yote, yaani 24,000, wanajumlisha, wanagawa kwa 12, unalipa 12,000 kila mwezi. Ya pili ni riba ya salio linalopungua, kila mwezi unatozwa riba kwa deni lililobaki tu, hapo rejesho linakuwa kama 11,116 kwa mwezi na riba yote mpaka mwisho ni kama 13,400.

Asilimia ni ileile 20 lakini mmoja kalipa 24,000 mwingine 13,400! Sababu ni kwamba kwenye flati ukifika mwezi wa 11 umesharudisha sehemu kubwa ya mkopo lakini bado unatozwa kana kwamba 120,000 yote iko mfukoni mwako. Ukiigeuza hiyo flati ya 20% iwe ya salio linalopungua unapata kama 35% kwa mwaka. Kwa mkopo wa karibu mwaka mmoja unaolipwa kila mwezi kuna njia ya haraka, chukua riba ya flati zidisha kwa 1.8, haiko sawasawa kabisa ila inakupa picha ukiwa umekaa mbele ya afisa mikopo.

Na usione aibu kuuliza. Sema hivi: "naomba ratiba ya marejesho inayoonyesha kila mwezi riba ni kiasi gani na mkopo unapungua kiasi gani." Ukiona riba haishuki mwezi hadi mwezi, ni flati.

Hatua ya 3: ingiza ada na makato yote

Kuna ada ya kushughulikia mkopo, bima, ada ya fomu, na mara nyingi vinakatwa hukohuko kabla hela haijakufikia. Kwenye mfano wetu wa flati, wakikata 6,000 unapokea 114,000 lakini rejesho linabaki 12,000. Fungua Excel au Google Sheets andika =RATE(12,-12000,114000)*12 halafu bonyeza enta. 12 ni idadi ya miezi, 12,000 ni rejesho, 114,000 ni kile ulichopokea mkononi, sio kilichoandikwa kwenye mkataba. Jibu ni 45% na kitu. Yaani mkopo ulioambiwa ni wa 20% umekugharimu zaidi ya mara mbili ya hapo. Hiyo fomula nakuomba uihifadhi, ndo kitu cha maana kuliko vyote nilivyoandika hapa, ukiwa na ofa tatu za mikopo zipitishe zote humo na uchague kwa hiyo namba moja.

Hatua ya 4: kabla ya kuwekeza angalia deni na dharura

Ukiwa na deni la 35% na huku unatafuta pa kuwekeza upate 10%, lipa deni kwanza. Kila unachopunguza kwenye hilo deni ni sawa na kupata faida ya 35% isiyo na hatari yoyote, na hakuna uwekezaji wa kuaminika unaokupa hiyo. Ila bakiza akiba ya dharura, wengi hushauri matumizi ya miezi 3 hadi 6, na iwe mahali penye ukwasi, maana yake unaweza kuitoa haraka bila kupata hasara. Shamba au kiwanja ni mali lakini ukiumwa leo huwezi kukiuza leo kwa bei yake.

Hatua ya 5: toa mfumuko wa bei

Mfumuko wa bei ni kasi ya bei kupanda kwa ujumla. Akiba ikikupa 8% na bei zikapanda 5%, uwezo wako wa kununua umekua kwa kama 3% tu, hiyo ndo riba halisi. Akiba ikikupa 4% na mfumuko ni 7% salio linaongezeka lakini unazidi kuwa maskini, na benki hawatakutumia meseji ya kukwambia hilo.

Hapohapo jifunze kanuni ya 72: gawa 72 kwa riba ya mwaka, unapata miaka ya hela kuongezeka mara mbili kama hutoi faida. 6% ni miaka 12, 12% ni miaka 6. Ni kanuni ya zamani, Luca Pacioli wa Italia aliichapisha mwaka 1494. Inafanya kazi kwa mfumuko wa bei pia, bei zikipanda 9% kila mwaka zinakuwa maradufu kwa miaka 8.

Hatua ya 6: sasa ndo uangalie masoko

Hatifungani ni wewe kuikopesha serikali au kampuni, wanakulipa riba na mwisho wanarudisha mtaji, yaani hela uliyowakopesha. Riba za sokoni zikipanda, bei ya hatifungani za zamani inashuka, kwasababu nani atanunua ya 10% kwa bei kamili wakati mpya zinatoa 12%? Ukiishikilia mpaka iive, yaani muda wake uishe, na aliyekopa akalipa, huko kushuka hakukugusi.

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Unapata gawio kampuni ikiamua kugawa faida, na bei inaweza kupanda au kushuka, hakuna aliyekuahidi chochote. Kwahiyo hela unayoihitaji mwaka huu au ujao usiiweke huko.

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja unakusanya hela za watu wengi unanunua hisa na hatifungani nyingi kwa pamoja, kwa anayeanza mimi naona ni mahali pazuri, ila angalia ada ya usimamizi ya kila mwaka. 100,000 ikikua kwa 8% kwa miaka 30 inafika kama 1,006,000. Ada ikila 2% kila mwaka ukabaki na 6%, unaishia kama 574,000. Ada huwa iko kwenye waraka wa ofa wa mfuko, na usipoiona humo waandikie wasimamizi na usubiri majibu ya maandishi kabla hujatuma hela.