Gari linachemsha? Fuata hivi kabla hujamruhusu mtu ang'oe temostati

Gari lenye kasoro ndogo kwenye mfumo wa maji linaweza kwenda Bagamoyo na kurudi bila kulalamika. Likiingia foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, AC imewashwa, mshale wa joto unaanza kupanda. Wiki hii jirani yangu kaja na Toyota IST ambayo kaibadilishia rejeta, kaibadilishia pampu ya maji, na bado inachemsha. Hakukuwa na kifaa kibovu tena. Upepo ulikuwa umenasa ndani ya injini, na hakuna fundi aliyekaa nao mpaka utoke. Ndiyo maana hatua ya sita hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote, na ndiyo ninayokuomba usiiruke.

Hatua ya 1: Likichemsha ukiwa barabarani

Zima AC, shusha vioo, washa hita mpaka mwisho na feni yake iwe juu kabisa. Utatoka jasho, lakini hita inatumia maji yaleyale ya injini, kwa hiyo inapunguza joto kidogo na kukupa muda wa kutafuta pa kuegesha. Taa nyekundu ikiwaka au mshale ukigusa H, egesha na uzime injini hapohapo. Usiseme gereji iko pale mbele tu. Hiyo "pale mbele tu" ndiyo inayounguza gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku.

Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka uweze kuushika mpira wa juu, ule mnene wa maji unaoingia juu ya rejeta, kwa mkono mtupu bila kuungua. Maji yaliyo chini ya shinikizo yamepita digrii 100, na ukifungua yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Wala usimwagie injini maji baridi. Hedi nyingi ni aluminiamu, zinapinda au kupasuka zikipoozwa ghafla.

Hatua ya 2: Tafuta maji yanapotokea

Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa baridi. Usiku tandika maboksi chini ya injini, asubuhi uangalie pamelowa wapi. Kulanti, yaani maji ya dawa ya kupoozea injini, ikikauka huacha alama nyeupe au ya waridi, kwa hiyo chunguza maungio ya mipira, pale plastiki ya rejeta inapokutana na aluminiamu, na chini ya pampu ya maji. Pampu ina kitundu kidogo makusudi: sili ikifa, maji yanatokea hapo. Halafu pandisha kapeti upande wa abiria wa mbele. Likiwa na unyevu na lina harufu ya utamu utamu, rejeta ya hita inavuja.

Kama kuna watoto au mbwa nyumbani, futa kulanti iliyomwagika. Nyingi zina ethilini glaikoli, ni tamu na ni sumu.

Dawa za kuziba rejeta siziwekei gari la mtu yeyote. Zinaziba tundu na zinaziba pia vijia vyembamba vya rejeta na hita.

Hatua ya 3: Mfuniko wa rejeta

Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hapa na mafundi wengi hawakiangalii. Juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hilo ni shinikizo unaloshikilia, na kwa shinikizo hilo maji yanachemka karibu na digrii 120 badala ya 100. Spring ikichoka, unaendesha gari ambalo maji yake yanachemka mapema. Ukiwa Mbeya, ambako mwinuko wenyewe umeshapunguza kiwango cha kuchemka kwa digrii kadhaa, utauona upungufu huo haraka zaidi.

Geuza mfuniko uangalie kwa ndani. Mpira mkubwa usiwe na mipasuko wala alama ya kudidimia. Katikati kuna kivalvu kidogo kama kifungo. Kivute kwa kucha, kiachie, kinapaswa kurudi chenyewe. Hicho ndicho kinachoruhusu maji yarudi kutoka chupa ya akiba injini inapopoa. Kikiganda, utakuta asubuhi mpira wa juu umenywea, umebonyea kama umefyonzwa. Nunua mpya wenye namba ileile. Usiweke wa namba kubwa ukidhani unaongeza ulinzi, utapasua rejeta.

Hatua ya 4: Feni

Washa injini, washa AC. Kwenye magari mengi feni inapaswa kuzunguka muda mfupi baadaye. Haizunguki? Angalia fyuzi, badilisha rilei na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi hilohilo, kisha upeleke umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Ikizunguka, tatizo ni waya au sensa. Isipozunguka, mota imekufa, mara nyingi ni kaboni zimekwisha.

Feni inayozunguka polepole ni mbovu pia. Ukiwa umesimama mbele ya gari, usikie hewa ikivutwa kwa nguvu kuelekea injini.

Kuna mtindo wa kuunganisha feni ifanye kazi muda wote ufunguo ukiwashwa. Kama umekwama Chalinze usiku, fanya ufike nyumbani. Kuishi nao hapana: mota inakufa mapema, na sensa iliyoharibika inabaki imefichwa.

Ukiwa hapo, osha mapezi ya rejeta, yale mabati membamba hewa inapopita. Maji yapite kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa nguvu ndogo. Presha ya kuoshea magari inayalaza mapezi, ukimaliza hewa haipiti kabisa.

Hatua ya 5: Temostati

Temostati ni kilango kinachofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata joto. Utaambiwa: "Huku kwetu ni joto, temostati ya nini, itoe." Kataa. Injini imetengenezwa ifanye kazi ikiwa kwenye digrii 80 mpaka 95 hivi. Bila temostati inakaa baridi kwenye barabara ya wazi, kompyuta inaendelea kumimina petroli kana kwamba ndiyo kwanza umeliwasha, na petroli isiyoungua inachanganyika na oili. Na kwenye foleni hupati nafuu uliyoahidiwa. Kuna injini, hasa baadhi ya Toyota za zamani, ambazo temostati ina sahani mbili: ikifungua njia ya rejeta, ya pili inafunga njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umeongeza tatizo kwa fedha yako mwenyewe.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto, pasha. Namba iliyochongwa juu yake, kwa mfano 82, ni joto inapoanza kufunguka. Maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka wazi. Isipofunguka, au ikifunguka nusu, nunua mpya. Temostati iliyotumika usinunue hata ukipewa kwa bei ya soda.

Wakati wa kuirudisha, utaona kwenye ukingo wake kuna kipini kidogo kinachotikisika. Kwenye injini nyingi kinatakiwa kielekee juu. Kipo ili upepo upite, na ndiyo inayotupeleka hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Kujaza maji na kutoa upepo

Maji kwanza. Maji ya kisima ya Dar mengi yana chumvi, na chumvi inakula aluminiamu na pampu. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au ile nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi kama yale safi ya kuongezea kwenye betri. Hakikisha si asidi, maana madumu yanafanana. Wanaosema kulanti ni ya nchi za baridi wamesikia nusu ya habari. Inazuia kuganda, kweli, lakini pia inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Rangi si kipimo cha ubora. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na usichanganye aina mbili usizozijua.

Sasa upepo. Ukifungua mfumo, iwe kwa rejeta, pampu au mpira tu, hewa inaingia. Ukimimina maji juu mpaka yajae unaona kazi imekwisha, kumbe hewa imejikusanya sehemu ya juu ya hedi au kwenye hita. Palipo na hewa hapana maji ya kupoza chuma. Dalili zake ni hizi: mshale unapanda ghafla na kushuka ghafla, hita inatoa hewa baridi wakati mshale uko juu, unasikia maji yakiguguma nyuma ya dashibodi ukikanyaga mafuta, chupa ya akiba imejaa lakini rejeta imepungua. Hata sensa hudanganya, kwa sababu ikizungukwa na hewa badala ya maji inasoma vibaya.

Utaratibu wangu ni huu. Egesha kwenye mwinuko, pua ya gari ikiangalia juu, ili mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kabisa. Vuta hendibreki, weka jiwe nyuma ya tairi. Hita iwe kwenye joto la mwisho. Injini ikiwa baridi na imezimwa, mimina polepole, kikombe kwa kikombe, huku ukiminya mpira wa juu na wa chini kwa mkono. Utaona mapovu yakitoka, maji yakishuka. Endelea mpaka ukiminya hapashuki tena.

Kama unaweza kupata faneli inayofunga kwenye mdomo wa rejeta, inunue kabla ya kununua spana nyingine yoyote. Inakaa juu na maji ndani yake, kwa hiyo kila povu linalotoka nafasi yake inachukuliwa na maji, na huwezi kurudisha hewa ndani.

Washa injini, mfuniko ukiwa wazi, AC ikiwa imezimwa. Kaa kando, usiinamie juu ya mdomo, maana povu kubwa likitoka linarusha maji. Iache iungurume. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Temostati bado imefunga. Rejeta ina maji, injini ina hewa, na havijakutana. Shika mpira wa juu wa rejeta, kisha wa chini. Mmoja wa moto, mwingine baridi: bado. Siku zote subiri mpaka mpira wa pili nao upate moto. Wakati huo maji kwenye faneli yatashuka kwa mkupuo. Jaza.

Kisha kanyaga mafuta taratibu mpaka mizunguko 2000 au 2500, shikilia kidogo, achia. Ukikanyaga maji yanashuka, ukiachia yanapanda, ni kawaida. Rudia mpaka mapovu yakome, hita itoe hewa ya moto kweli, na feni iwake na kuzima yenyewe angalau mara mbili. Feni isipowaka na joto likazidi kupanda, zima na urudi hatua ya 4.

Zima, funga mfuniko, jaza chupa ya akiba kati ya alama mbili. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua rejeta. Karibu kila mara itakuwa imepungua kidogo. Ongeza, na uangalie tena asubuhi inayofuata.

Magari mengine yana yake. Subaru nyingi zina kizibo cha kutolea upepo juu ya rejeta. Kifungue wakati wa kujaza. Magari mengi ya Ulaya hayana mfuniko kwenye rejeta, unajazia kwenye chupa yenye shinikizo, na kuna skrubu za kutolea upepo. Noah za zamani zenye injini chini ya viti zina mipira mirefu, zinataka subira zaidi. Prius ina mfumo wa pili wa maji kwa ajili ya inveta, wenye chupa na pampu yake, usichanganye chupa.

Kama una kifaa cha OBD cha Bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, soma joto kwenye simu. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale, yana taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu inawaka umeshachelewa.

Hatua ya 7: Mapovu yakikataa kwisha

Kama mapovu hayaishi, mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika chache baada ya kuwasha injini baridi, au maji yanapungua na hakuna panapovuja, kuna uwezekano mkubwa moshi wa ndani ya silinda unaingia kwenye maji. Vuta stiki ya oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiliwashe tena. Lakini oili safi haimaanishi gasketi ni nzima. Tafuta fundi mwenye kipimo cha dawa ya bluu, kinawekwa kwenye mdomo wa rejeta, na dawa ikigeuka manjano jibu umepata.

Hedi ikifunguliwa, dai ipimwe kwa rula iliyonyooka kabla ya gasketi mpya kuwekwa, na ikiwa imepinda isawazishwe kwanza. Ikirudishwa, mfumo mzima ni mtupu. Simama hapohapo gereji mpaka upepo utoke, feni iwake na kuzima mara mbili, ndipo ulipe.