Somo: Kuchagua na kutumia vaibu laini kwenye kriki

Habari zenu wavuvi wenzangu. Wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu vile vichambo bandia vya mpira vinavyoitwa vaibu laini, nikaona leo niandike yote pahali pamoja. Mi huvua kriki, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, ya Kilifi na ya Mtwapa hapa pwani ya Kenya, mara nyingi kwa mtumbwi, kwa hivyo nitakayosema ni ya huko.

Vaibu laini ni kisamaki cha mpira, uzito wa risasi umefichwa ndani, ndoana mbili za pembe tatu ziko chini ya tumbo, na pete ya kufungia mshipi iko mgongoni, sio mdomoni. Hiyo pete ya mgongoni ndio siri, ukiinyanyua mwili wote unatetemeka mpaka unausikia mkononi.

Hatua ya 1, chagua uzito kabla ya rangi. Mtu anaingia dukani anapenda rangi analipa anatoka, halafu anashinda kutwa hapati kitu analaumu bahari. Uzito ndio unaamua chambo kinashuka vipi, na samaki wa kriki, awe chewa au kolekole, mara nyingi anakula kikishuka. Maji ya mita 2 au 3 yaliyotulia, gramu 10 hadi 15 zinatosha. Kwenye mkondo wenye kina nenda gramu 20 hadi 30. Siku za bamvua, yale maji makubwa, maji ya kwetu yanapanda na kushuka kama mita 3 kwa saa 6 hivi, vaibu nyepesi itachukuliwa tu haitafika chini. Kama ndio unaanza, ngoja maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana. Rangi ni rahisi: maji ya tope weka nyeusi au dhahabu, maji meupe weka inayofanana na dagaa au kamba.

Hatua ya 2, mshipi. Uzi wa kusuka wenye nguvu ya paundi 15 au 20, mbele yake nailoni ya paundi 30 kama mita moja, manake mizizi ya mikoko na chaza vinakata vibaya.

Hatua ya 3, na hapa tafadhali soma polepole. Rusha, acha izame huku unahesabu kimoyomoyo, ikigusa chini mshipi unalegea ghafla, utauona unalala juu ya maji. Sasa nyanyua ncha ya rodi taratibu, nusu mita tu, usikie ule mtetemo, halafu shusha rodi ukiifuata vaibu bila kuuachia mshipi ulegee. Weka kidole kwenye uzi. Kuumwa kwenyewe ni "tik" ndogo kama mtu amekugusa na ukucha, au mshipi unalegea kabla ya ile hesabu uliyoizoea. Ukiona hivyo kaza hapo hapo! Nimewapoteza samaki wengi kwa kudhani imefika chini wakati ilikuwa imeshaingia mdomoni.

Swali: Kaka mi kila nikirusha inanasa kwa mikoko, nimeshapoteza nne, nifanye nini?
Jibu: Pole ndugu yangu, najua bei yake inauma. Toa zile ndoana za pembe tatu uweke za pembe moja, na usirushe ndani ya mizizi, rusha pembeni mwa mfereji maji yakianza kupwa, samaki wanatoka wenyewe na maji.

Swali: Mzia, yule samaki wa meno makali, amenikatia mkia wa vaibu mpya kabisa. Niweke waya?
Jibu: Waya mfupi wa sentimita 10 sawa, ila mchezo wa vaibu unapungua. Mi naweka nailoni ya paundi 50. Na mkia ukishakatika haitetemeki tena, hiyo itoe tu.

Swali: Shikamoo mwalimu, zangu zimegandana ndani ya sanduku zimekuwa kama ubani.
Jibu: Marahaba mwanangu. Umezichanganya na zile laini za aina nyingine, mpira tofauti ukikutana na joto unayeyushana. Kila moja ikae kwa paketi yake, mkia umenyooka usipinde, na ukirudi nyumbani osha kwa maji yasiyo na chumvi kabla ndoana hazijashika kutu.

Swali: Kutoka ukingoni inawezekana ama lazima mtumbwi?
Jibu: Inawezekana vizuri tu. Simama juu ya mawe, rusha kuelekea mkondo unakotoka, acha maji yaiteremshe kwako huku ukiinyanyua nyanyua.