Uinjinia wa meli: digrii peke yake haikupandishi melini

Madogo wengi wakimaliza form six na PCM yao wanauliza chuo gani kizuri cha kusomea uinjinia wa meli, ada shingapi, mkopo wa bodi upo au haupo. Sawa, ila swali la kwanza kabisa hamna anayeuliza: nikimaliza darasa, nani atanipandisha melini? Manake kwenye hii fani digrii ni nusu ya safari, kinachofanya uachiwe injini za watu ukiwa kwenye zamu ni kile cheti cha umahiri, CoC, na CoC haitoki bila muda wa baharini. Kuna watu wana digrii nzuri kabisa na wako nyumbani kwa sababu hiyo tu.

Sheria yenyewe ni STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia wa 1978, ule uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila 2010. Ili uwe ofisa wa zamu injini rumu kwenye meli ya kilowati 750 kwenda juu unatakiwa uwe umetimiza miaka 18, umesoma kozi iliyoidhinishwa, na una miezi isiyopungua 12 ya karakana na bahari kwa pamoja, humo ndani 6 iwe ya kushika zamu chini ya chifu, yaani injinia mkuu wa meli, au injinia mwenye cheti, na kila kazi iwe imesainiwa kwenye kitabu cha mafunzo. Ukikosa mpango huo wa mafunzo unapelekwa njia ndefu, miezi 36, na 30 kati ya hiyo iwe idara ya injini. Rudia kusoma hapo taratibu.

Vyuo sasa. Bongo kuna DMI, Chuo cha Bahari Dar es Salaam, unaingilia kuanzia cheti na diploma mpaka digrii. Kenya kuna chuo kikuu cha JKUAT kwa digrii, na Bandari Maritime Academy pale Mombasa kwa kozi za mabaharia. Mzazi akiwa na uwezo wengine wanaenda Arab Academy ya Alexandria, au Regional Maritime University kule Accra. Popote unapoenda, kabla hujalipa hata shilingi uliza hii kozi imeidhinishwa kwa ajili ya CoC au ni ya kitaaluma tu, kwa sababu kuna digrii za kuchora na kusanifu meli zenye jina linalokaribiana kabisa na hii na haziendi huko. Uliza pia nani anatafuta meli ya mafunzo, chuo au wewe mwenyewe, wakikujibu "tutaangalia" basi ujue ni wewe. Jibu la uhakika lipo kwa mamlaka zinazosimamia mambo ya meli: bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA.

Kapime afya mapema, macho na uwezo wa kutofautisha rangi, na masikio. Inauma kusoma miaka yote hiyo halafu daktari wa mabaharia anakukatalia, na hicho cheti cha afya chenyewe mwisho wake miaka 2 unapima tena. Halafu kuna kozi fupi za usalama, kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama binafsi kazini na ulinzi wa meli, ambazo bila hizo hupandi. Kama kuogelea hujui anza jumapili hii.

Darasani utakutana na themodainamiki, umeme, mekanika, uthabiti wa meli, mambo ya kawaida ya uinjinia, usiyadharau lakini injini rumu ndo shule yenyewe. Chukua mfano wa mafuta mazito, yakipoa yanakuwa kama lami, kwa hiyo yanapashwa moto, yanapita kwenye pyurifaya inayozunguka kwa kasi kutoa maji na tope, halafu yanapashwa tena kupita nyuzi 100 ndo yanafika kwenye injekta. Nani anafungua hiyo pyurifaya kuisafisha? Kadeti, yaani wewe uliye mafunzoni melini. Utaosha sahani zake moja moja na kuzirudisha kwa mpangilio uleule, ile ringi kubwa ya kufungia nyingi zinafunguka kinyume na nati za kawaida kwa hiyo usipige nyundo kabla hujauliza, na wakati wa kufunga angalia alama ya ringi na ya bakuli zikutane, zikipishana mtetemo wake utasikika. Muda mwingine chukua tochi ufuate mabomba kutoka tangi mpaka mwisho, uchore.

Na ukikuta bomba la kichochoro linaloruka mashine ya kutenga mafuta na maji ya bilji, yale maji machafu yanayojikusanya chini kabisa ya meli, usiliguse hata ukiagizwa. Kinachomwagwa hakitakiwi kuzidi sehemu 15 za mafuta kwa milioni, na Marekani mainjinia wamefungwa jela kwa mchezo huo.

Kupata meli ndo kugumu. Boti za Zanzibar na meli za Ziwa Victoria zinasaidia, ila mamlaka wakupe kwa maandishi kwamba muda wa huko wataukubali na kwa cheti kipi. Kwa meli za nje utapitia mawakala, na hapa tuelewane: mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza kumtoza baharia hela ya kumtafutia kazi. Unachojilipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, basi. Anayetaka dola elfu mbili akupe meli ya Dubai ni tapeli hata kama ofisi yake ina AC.

Siku ya kushuka melini usiondoke bila muhuri wa tarehe za kupanda na kushuka, na barua ya chifu inayotaja kilowati za injini, manake meli ikishauzwa na kubadilishwa jina kuzipata hizo karatasi ni kesi nyingine. Ukiwa nazo ndo unaomba mtihani wa mdomo. Watakwambia chora laini ya bilji, au meli imezima umeme wote usiku unafanya nini, hapo ndo yale mabomba uliyoyafuata na tochi yanakulipa. Ukipita unaanza injinia wa nne au wa tatu, na baada ya miezi 12 mingine ya bahari unaruhusiwa kurudi kufanya mtihani wa second, yaani injinia wa pili, anayemfuata chifu.