Tenga kompyuta za maktaba kabla ya kuamini takwimu za tovuti

Kabla ya kubadilisha lolote katika tovuti ya maktaba ya chuo kikuu kwa kutegemea takwimu za wageni, tenga kwanza ziara zinazotoka kwenye kompyuta za maktaba yenyewe. Mara nyingi kompyuta hizo huwekwa zifungue ukurasa wa mwanzo wa maktaba kila kivinjari kinapofunguliwa, kwa hiyo mwanafunzi aliyeketi kusoma barua pepe tu huhesabiwa kuwa mgeni aliyeingia na kuondoka papo hapo, na ukurasa huo huonekana maarufu na mbovu kwa wakati mmoja, ilhali huenda si hivyo wala vile. Katika Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, ziandikishe anwani za IP za kompyuta hizo (namba zinazozitambulisha kwenye intaneti) kuwa za ndani, kisha uache kichujio cha kuondoa ziara za ndani katika hali ya majaribio kwanza, kwani kikishaanza kazi data iliyochujwa hairudi tena. Takwimu za nyuma kichujio hakizigusi. Mbinu hii hushindwa pale chuo kizima kinapotumia anwani moja ya IP: utawafuta pia wanafunzi wanaotumia simu zao bwenini, ambao ndio hasa tunaopaswa kuwaelewa. Hapo ni afadhali kompyuta za maktaba zifungue ukurasa huo kwa kiungo chenye alama yake ya pekee, ili ziara zake zitambulike bila kufutwa.