SOMO: Kumweleza mgonjwa habari za mionzi kabla ya kumpiga picha

Wakuu, swali la "nimwambie nini mgonjwa anayeogopa mionzi" naulizwa kila mara, nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Nipo chumba cha eksirei hapa Kigoma. Someni.

1. Msalimie, hakiki jina na kiungo kinachopigwa.

2. Mweleze sababu ya picha. Fomu ikiwa haisemi, mpigie daktari kwanza.

3. Mpe kipimo anachokielewa. Kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Wastani wa dunia ni milisiveti 2.4 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini). Picha ya kifua ni 0.1 au pungufu, haizidi mionzi ya asili ya wiki mbili hivi. Siti skani (eksirei ya kompyuta inayopiga picha za vipande vipande) ya tumbo ni kama 8, yaani mionzi ya asili ya zaidi ya miaka mitatu. Usimwambie "haina madhara kabisa". Mwambie uwezekano wa saratani upo, ni mdogo, na ugonjwa usiojulikana ni hatari zaidi.

4. Ujauzito. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Binti ametoka Kasulu na mama mkwe wake, unamuuliza mlangoni "una mimba?" Atatazama chini, atasema hapana. Mtoe msindikizaji nje, funga mlango, kisha uliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini.
ONYO: mjamzito usimfukuze. Picha ya kifua, mkono au mguu humfikishia mtoto mionzi kidogo mno. Ikiwa ni tumbo au nyonga, rudi kwa daktari, huenda ultrasaundi inatosha.
ONYO: aliyekwisha kupigwa bila kujijua ni mjamzito, usimtishe! Ulemavu wa mtoto huhofiwa kuanzia miligrei 100 (kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili), na eksirei za kawaida hazifiki huko. Neno lako moja la ovyo linaweza kumfanya akatoe mimba aliyoitamani.

5. Mwombe arudie kwa maneno yake alichoelewa.

MASWALI

Kijana_Mwanga: Siti skani ya tumbo dozi ngapi mkuu?
— Hatua ya 3. Soma.

Mzee wa Foleni: Wagonjwa wamejaa, muda huo unatoka wapi?
— Ni dakika mbili. Ukikosa dakika mbili za kumuuliza mwanamke hedhi yake, usiguse mashine.

MamaZawadi: Anayenyonyesha amwage maziwa baada ya eksirei?
— Swali zuri sana dada. Hapana, anyonyeshe hata akitoka mlangoni. Mashine ikizima mionzi imekwisha, haibaki mwilini wala kwenye maziwa. Vipimo vya nyuklia ni habari nyingine: mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi, na kwa baadhi ya dawa hizo husimamisha kunyonyesha.

Muha wa Buhigwe: Bibi zetu wengine Kiswahili hakipandi.
— Tafuta muuguzi anayejua Kiha. Mtoto wake au mkwe asitafsiri swali la hedhi, utarudi kulekule kwa mama mkwe.

MamaZawadi: Na anayemshika mtoto wakati wa picha?
— Avae aproni ya risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi), na asiwe mjamzito, muulize naye. Aproni zenyewe tundikeni, msizikunje. Zikikunjwa hupasuka kwa ndani na kwa nje huoni kitu.