Kuchagua Mshipi wa Kusuka kwa Kolekole na Jodari wa Malindi

Mvuvi anayeingia dukani kutafuta mshipi wa kusuka kwa kawaida huuliza kwanza unabeba kilo ngapi, na muuzaji humjibu kwa kumsomea namba kubwa iliyo kwenye kibandiko. Swali hilo si baya. Hata hivyo, katika maji ya Malindi, ambako kolekole au chewa akishanasa hukimbilia mwamba kabla mvuvi hajasimama sawasawa, la kuulizwa mwanzo ni unene wa mshipi wenyewe.

Mshipi huu husukwa kwa nyuzi nyembamba za polithini ngumu, ndiyo maana hubeba uzito mkubwa kwa wembamba unaoshangaza: nailoni ya kilo 36 huwa na unene unaokaribia milimita 0.9, ilhali wa kusuka wenye nguvu hiyo hauhitaji kuzidi nusu yake. Watengenezaji wengi huandika pia herufi PE na namba, kwa utaratibu uliotoka Japani, na namba hiyo hupima unene wala si nguvu. PE 4 ni takriban milimita 0.33, na PE 8 ni takriban 0.47. Ukiona mishipi miwili inayodai kilo zile zile huku mmoja ukiwa PE 4 na mwingine PE 6, basi kwa mwambani chukua ule mnene, kwa sababu una unene zaidi wa kuliwa na jiwe kabla haujakatika. Kwa kolekole wakubwa, mimi sishuki chini ya PE 6.

Somo hilo nililipata kwa hasara. Niliuziwa mshipi mwembamba sana uliosifiwa kwa kilo zake, nikautumia pembeni mwa mwamba, na samaki wa kwanza mkubwa aliondoka nao bila hata kuuvuta kwa nguvu zake zote. Ncha iliyorudi ilikuwa imechanuka kama mswaki uliochakaa, dalili kwamba ulisagwa na mwamba wala haukushindwa na uzito.

Idadi ya nyuzi zilizosukwa pamoja nayo ina maana. Mshipi wa nyuzi nne una nyuzi nene zaidi, hukwaruza pete za fimbo kwa sauti, lakini huvumilia msuguano. Wa nyuzi nane ni wa mviringo na laini, na hurusha chambo mbali zaidi. Anayerusha kutoka mashuani kwenye maji yaliyo wazi atafurahia wa nane. Rangi isikuchoshe, isipokuwa unavua kina kirefu, ambako mshipi unaobadilika rangi kila mita 10 hukuonyesha chambo kimefika wapi. Kwa jodari, anayependa kuteremka moja kwa moja kwenda chini, nunua usiopungua mita 300.

Hata mshipi mzuri namna gani, usiufunge ndoana moja kwa moja. Mbele yake unga kipande cha nailoni nene, mita mbili au zaidi, ili nailoni ndiyo iguse meno na mawe. Kwa kurambaza sulisuli wakati wa kaskazi, yaani kuburuta chambo nyuma ya mashua inayokwenda, mimi bado napendelea nailoni tupu kwa sehemu yote ya juu: hunyumbuka samaki anapopiga, ilhali mshipi wa kusuka haunyumbuki karibu kabisa na huweza kung'oa ndoana mdomoni. Wa kusuka ukae chini yake kwenye rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, kama akiba.

Bidhaa bandia zipo, na kuzipima hakuhitaji mashine. Zungusha mshipi mara nane kwenye mti laini ili fundo lisibebe mzigo, fanya vivyo hivyo kwenye mpini wa mtungi wa lita 20 uliojaa maji, kisha uinue mtungi polepole. Hizo ni kilo 20 na ushei. Mshipi unaoitwa wa kilo 36 ukikatika hapo, rudisha dukani. Fanya kazi hiyo ukiwa na glavu, kwani mshipi huu ukikazwa hukata kiganja kama wembe. Kwa sababu hiyo hiyo haufai kuvutwa kwa mkono mtupu kama wavutavyo wazee nailoni.

Unapoujaza kwenye rili, anza na mizunguko michache ya nailoni ili usiteleze, kisha ukazwe kwa kitambaa kilicholowa, la sivyo utazama kati ya mizunguko yake wenyewe samaki atakapokimbia. Breki ya rili iwekwe robo ya nguvu ya mshipi, yaani kilo 9 kwa ule wa 36. Kila ukirudi pwani, pitisha mita za mwanzo kati ya kucha na kidole, na popote utakapohisi manyoya, kata na ufunge upya.