Namna ya Kubuni Ulinzi katika Michezo ya Futiboli ya Marekani

Hapa Lubumbashi, ambako mtoto huchagua kati ya timu za Mazembe na Lupopo kabla hajajua kusoma, anayefungua kwa mara ya kwanza mchezo wa kompyuta wa futiboli ya Marekani huwapanga walinzi kama wa kabumbu: huwarudisha wote nyuma, akangoja. Kungoja huko kunaua, kwa sababu wapinzani wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, wakifaulu hupewa mengine manne, na yadi nne kwa kila mbio zinawatosha kufika mwisho wa uwanja bila kurusha mpira hata mara moja.

Kabla ya kugusa mashine, chukua daftari kubwa la visanduku, ulilaze, kisha uhesabu kisanduku kimoja kuwa yadi moja. Upana wa uwanja utakula visanduku 53 na kitu. Punje 11 za mahindi ziwe washambuliaji, na maharagwe 11 yawe walinzi. Punje tano zipange zikikaribiana kwenye mstari wa kuanzia, kwa kuwa kazi ya hao watano ni kuzuia, na kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi. Kati yao mna mianya minne ya mbeba mpira kupenya, na pembeni miwili. Mpokeaji akisimama begani mwao, hupatikana mwanya wa saba. Kila mwanya upe harage lake, uandike kando ni la nani. Ndiyo maana mpangilio wa walinzi wanne mbele na watatu nyuma yao umedumu: nne na tatu ni saba, na hakuna mlango usio na bawabu.

Pasi hutaka hesabu nyingine. Ukiondoa mrushaji na wale wazuiaji, wamebaki watano wanaoweza kukimbia kupokea mpira. Ukituma walinzi wanne wamkimbilie mrushaji, unabaki na saba: watano wa kukaba mtu kwa mtu, mmoja wa nyuma kabisa, na mmoja wa kuziba katikati. Ukituma saba, wanabaki wanne, na mpokeaji mmoja hana mtu. Mimi nilipenda mno kutuma saba, hadi jioni moja jirani yangu wa Katuba aliponitoboa mara tatu kwa pasi ileile fupi ya katikati, nami nikailaumu mashine. Nilipoyapanga maharagwe, shimo lilikuwa pale pale mezani.

Ukipendelea kulinda kanda, yaani kila mlinzi ashike eneo lake badala ya mtu, amua kwanza utakachopoteza. Walinzi watatu wa nyuma hubeba visanduku kama 18 kila mmoja, na wanne mbele yao hugawana eneo fupi. Pasi ndefu huwa ngumu, ila wapokeaji wanne wakikimbia moja kwa moja, mmoja atapenya kati ya walinzi wawili. Wakiwa wawili tu nyuma, udhaifu huhamia katikati yao, na kando ya chaki ya ukingo wa uwanja, nyuma ya mlinzi wa pembeni. Jaribio la tatu likibaki na yadi nane, mwachie mpinzani pasi ya yadi tano, mradi mtu wako awe karibu amwangushe papo hapo.

Walinzi wanaruhusiwa kuhama wote pamoja kabla ya mpira kuanza, basi onyesha wawili nyuma, kisha wa tatu arudi mpira ukishaanza. Jaribu mpango dhidi ya mbinu zilezile, kila moja mara 10, ukihamisha harage moja tu kila awamu, na uhifadhi kila mara: umeme wa hapa hauagi ukiondoka.